Suratun Nisaa aya ya 34 kila mtu anaijua, ya 32 je? (Uzi kuhusu pesa za mwanamke ndani ya nyumba)

BiMwani:
Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi huu mrefu, nitauleta vipande vipande maana naandika kwa simu.

Kila ikitajwa hadhi ya mwanamke katika Uislamu hapa kwetu Zanzibar mjadala unakimbilia Suratun Nisaa aya ya 34. Mume msimamizi, mke atii, kupiga kupo hakupo, watu wanakesha hapo hapo mpaka alfajiri na kila mtu na sheikh wake. Aya ni maneno ya Mungu na sina neno nayo. Lakini rudi nyuma aya mbili tu, soma ya 32. Inasema wanaume wana fungu lao katika walichokichuma na wanawake wana fungu lao katika walichokichuma. Basi. Halikuwekwa sharti la ruhusa ya mume wala la baba. Mie darsa nimekaa tangu niko chuoni mdogo, aya hii nimeisikia ikisomwa kwa sauti nzuri mara nyingi sana, kuisikia ikidarsishwa mbele ya wanaume bado.

Kwa nini naisema leo. Wanawake wa pwani ya mashariki wana kipato chao tangu mwaka 1989 mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani, baadae ukaenea mpaka Pemba, na waliobeba kilimo hiki zaidi ni wanawake. Asiyeingia baharini anadhani kazi nyepesi. Bamvua likija unashuka maji yakikupwa, unainama kutwa ndani ya maji ya chumvi unafunga vishada vya mwani kwenye kamba kwa taitai, vidole vinachanika, jua la utosini, maji yakianza kujaa unaburura gunia la mwani mbichi mpaka ufukweni, kisha uanike, na ukinyeshewa bei inashuka. Pesa hizo ndogo ndogo ndizo zilizonunua matofali, saruji na mabati ya nyumba nyingi mnazoziona huku.

Shangazi yangu mmoja ni katika hao. Kila akiuza mwani anafungua pindo la kanga anampa mumewe, leo saruji, kesho nondo, keshokutwa pesa ya fundi. Kiwanja cha ukoo wa mume. Nyumba ikapauliwa ikatiwa milango, mume akaongeza mke, na haukupita muda mrefu shangazi akaandikiwa talaka yake. Alitoka na kitanda, kabati na masufuria, na mahari yenyewe ilikuwa bado deni. Kwa kadhi akaulizwa una shahidi, una karatasi? Hana. Mume akasema ni kweli alikuwa akinisaidia, mke humsaidia mumewe. Kesi ikaishia hapo.

Sasa naomba wenye elimu. Zile pesa katika dini ni za nani?

KijanaWaNgambo:
Dada yangu haya ndio mambo ya Beijing, ule mkutano wa wanawake, kidogo kidogo mtafika kwenye usawa. Mwanamke wa Kiislamu mahala pake nyumbani, akifanya kazi hiari yake na akisaidia nyumba anapata thawabu. Bibi zetu walikaa na mabwana zao mpaka kufa hakuna aliyehesabu matofali

BiMwani:
Kaka yangu tusigombane. Wengi wetu hapa madhehebu ni Shafii, basi tuchukue vitabu vya Shafii tuwaache hao wa Beijing.

Kwa Shafii mke halazimiki kutoa hata senti kwa ajili ya nyumba awe tajiri vipi. Chakula juu ya mume, na wamekipimia kabisa, mwenye uwezo vibaba viwili kwa siku, wa kati kibaba na nusu, mnyonge kibaba kimoja. Nguo juu yake, makaazi juu yake. Kupika na kufua wamesema si wajibu wake kisheria, na kama kwao alikuwa mtu wa kutumikiwa basi mume amletee wa kumtumikia. Hata kunyonyesha, kilichomlazimu mama ni yale maziwa ya mwanzo, baada ya hapo akiwepo mwengine wa kunyonyesha yeye ana haki ya kukataa au kudai ujira. Wapo waliokwenda njia nyengine, Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wanaona kazi za nyumba zinamlazimu mke kwa kufuata ada ya watu wake. Hawa wote ni wanavyuoni na wote wana dalili zao, na kisiwa hiki kimezoea khitilafu, enzi za masultani palikuwa na kadhi wa Kisunni na kadhi wa Ibadhi na kila mtu akienda kwa wake.

Linaloniuma ni hivi tunavyochagua. Likija la kupika tunashika ada ya mji, likija la kutii tunashika aya, likija la pesa za mwani tunaambiwa thawabu. Thawabu ni ya mtu aliyetoa akijua anatoa. Shangazi yangu alijua anajenga nyumba yake.

Na kwa kuwa umetaja usawa mie sikuutaja, ngoja nikupe mfano wa Waislamu wenzetu. Indonesia ni Shafii kama sisi. Kanuni zao za sheria ya Kiislamu za mwaka 1991 zinasema mali iliyochumwa ndani ya ndoa wakiachana kila mmoja anachukua nusu, isipokuwa kama walikubaliana vyengine kwenye mkataba wa ndoa. Hawakuritadi. Morocco ni Maliki, huko katika karne ya 16 alikuwepo mwanachuoni anaitwa Ibn Ardun alitoa fatwa kuhusu wanawake wa milimani wanaolima na kuvuna pamoja na waume zao, akasema wana fungu katika mavuno kwa jasho lao. Karne ya 16 hiyo, Beijing yenu ni 1995.

MsomajiFiqhi:
Waalaykum salaam. Nimefurahi mada imeletwa kwa adabu. Naomba niweke upande wa pili maana kadhi naye anaonewa.

Kwanza aya ya 32 haina mgogoro, mali ya mke ni ya mke, hakuna madhehebu inayosema ndoa inachanganya mali. Mgogoro uko kwenye kuthibitisha. Mtu akitoa pesa akampa mwenzake inaweza kuwa mkopo, inaweza kuwa hiba (zawadi ya bure), inaweza kuwa sadaka, inaweza kuwa ushirika. Ikiwa ni hiba na imeshapokewa, kwa Shafii hairudi, ila baba au mama kwa mtoto wake. Kadhi hawezi kusoma nia ya mtu ya miaka ishirini nyuma. Anamtaka mdai alete ushahidi na anayekanusha ale kiapo, ndio msingi wa hukumu zote.

Pili, kuna kitu wanawake wengi hawakijui. Mume na mke wakigombania vyombo vilivyomo ndani na hakuna mwenye ushahidi, Imamu Shafii anasema kila mmoja ale kiapo kisha vigawanywe nusu kwa nusu, ikiwa ni vitu vya kike au vya kiume sawa tu, kwa sababu mwanamke anaweza kurithi panga la baba yake na mwanamme anaweza kununua mapambo. Abu Hanifa ndiye aliyesema vya kiume apewe mume, vya kike apewe mke. Kwa hivyo yule bibi kutoka na kabati na masufuria peke yake, kama palikuwa na televisheni na friji na baiskeli, alikuwa na haki ya kuviulizia. Lakini jengo juu ya kiwanja cha watu ni habari nyengine.

BiMwani:
Maalim Allah akulipe, hili la vyombo nitalipeleka kwenye kikundi chetu.

Nakubali kadhi hasomi nia. Ila kwenye sura hiyo hiyo, aya ya 4, Mungu anapotaja mahari anasema wakikupeni kitu katika hayo kwa ridhaa ya nafsi zao basi kuleni kwa raha. Ridhaa ya nafsi imetajwa waziwazi. Sasa mwanamke anayetoa pesa kila bamvua akiambiwa "nyumba yetu hii", nafsi yake iliridhia nini? Iliridhia kukaa ndani. Siku anayotolewa nje ile ridhaa haipo tena, na aliyemtoa anaijua hiyo vizuri kuliko kadhi. Hapo hata kama hukumu ya duniani imempa, naomba aogope ile ya pili.

Na sheria ya nchi nayo imesogea. Huko bara wana Sheria ya Ndoa ya 1971, na mwaka 1983 Mahkama ya Rufaa kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ilisema kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa ni mchango katika mali. Sheria ile haifiki huku kwetu. Sisi tuna Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 iliyofuta ile ya 1985, na hii mpya inamruhusu kadhi kuingia kwenye mgawanyo wa mali za ndoa pale mtu alipochangia kweli. Mchango wa kweli. Tunarudi pale pale, una karatasi?

MamaKonde:
Salaam. Mie wa Pemba. Yangu sio nyumba ni talaka. Bwana kaondoka kenda zake Unguja haleti matumizi haulizi mtoto kala nini, nikimwambia niache basi anasema ukitaka karatasi inunue. Nikauza karafuu zangu na ng'ombe mmoja wa marehemu baba nikamrejeshea mahari na juu yake kaongeza, nikalipa. Nimenunua talaka yangu mwenyewe ilhali ni yeye aliyenikimbia. Jee hii iko kwenye Qurani? Maana yeye alisema iko

MsomajiFiqhi:
Dada pole sana. Iko na haiko. Aya ya 229 ya Baqara imeruhusu mke kujikomboa pale wote wawili wakichelea hawatoweza kusimamisha mipaka ya Mungu, na hadithi ya mke wa Thabit bin Qays iko katika Bukhari, hakumtia mumewe dosari ya tabia wala ya dini, ni yeye hakumtaka, Mtume (SAW) akamuuliza utamrejeshea bustani yake? akasema naam, akarejesha, akaachwa. Bustani ndio iliyokuwa mahari. Huyo ni mke aliyechoka na mume asiye na kosa.

Wako ni mume mwenye kosa. Kwenye Nisaa aya ya 19 Mungu amekataza kuwabana wanawake ili mchukue baadhi ya mlichowapa. Mume akimdhiki mke kusudi ili alipe, wanavyuoni wengi wanaona alichokichukua si halali yake. Na katika madhehebu yetu mume akishindwa matumizi mke ana haki ya kwenda kwa kadhi kutaka fasakhi, yaani kadhi aivunje ndoa, halipi kitu. Wahanafi hawaikubali. Kwa mume mwenye uwezo anayekataa kwa makusudi pana maneno baina ya Mashafii wenyewe, lakini mlango wa kwanza ulikuwa kwa kadhi kabla ya kuuza ng'ombe.

MamaKonde:
Sikuambiwa. Niliambiwa na wazee nikaitafute pesa

BiMwani:
Ndugu yangu Konde nimeisoma nikashindwa kuandika kitambo. Na hili ndilo nalolisema, aya zipo, fiqhi ipo, aliyenyimwa ni yule asiyeambiwa. Nenda ukaulize hata sasa. Kuna jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, wanasaidia wanawake katika kesi kama hizi.

MzeeWaWete:
Mnasema nyumba, mimi nitasema mikarafuu. Huku kwetu shamba la baba halikatwi, kaka wanasimamia, dada msimu ukifika anapewa pishi mbili tatu za karafuu na anaambiwa hii ndio haki yako. Miaka inapita kaka wanakufa, watoto wao wanasema shangazi hana kitu humu. Kisha mtu anasimama mimbarini anasema mwanamke karithi nusu na anaona kamaliza. Hiyo nusu mmempa?

BiMwani:
Baba shikamoo. Umesema kweli tupu. Watu wanabishana nusu ni haki au si haki, na wanaoitetea wanasema kaka kapewa zaidi kwa sababu yeye ndiye wa kulisha dada. Sawa, basi amlishe. Nisaa aya ya 7 imesema wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kikiwa kidogo au kikiwa kingi, fungu lililofaradhiwa. Hakuna pishi mbili za hisani katika aya ile. Dada hajui idadi ya mikarafuu yake, hajui mpaka wake uko wapi, na akiuliza anaambiwa anataka kuvunja udugu.

KijanaWaNgambo:
Hata hivyo hata mkiandika karatasi mtapeleka mashahidi gani? Shahidi mwanamke ni nusu ya mwanamme na hiyo aya ipo Baqara 282 hakuna wa kuipinga

BiMwani:
Nilikuwa naisubiri aya hii, na nashukuru umeileta wewe.

Aya ya 282 ndiyo ndefu kuliko zote katika Msahafu. Ukurasa mzima takriban. Inazungumza nini? Inazungumza deni. Inaanza kwa kuamrisha, enyi mlioamini mkikopeshana kwa muda maalumu andikeni. Inasema mwandishi asikatae kuandika. Inasema mdaiwa ndiye asemeshe yanayoandikwa na amuogope Mola wake asipunguze kitu. Inasema msichoke kuandika likiwa dogo au kubwa. Katikati humo ndipo panapokuja mashahidi wawili wanaume, wasipopatikana mwanamme mmoja na wanawake wawili, mmoja akisahau mwenzake amkumbushe. Aya yote hiyo sisi tumetoka na kipande kimoja tu, cha wanawake wawili, na tumekitoa kwenye deni tukakipeleka kwenye akili ya mwanamke, kwenye uongozi, kwenye kila kitu. Kuandika tumekuacha.

Tena hicho kipande chenyewe wanavyuoni hawakukifahamu namna moja. Kwa Shafii kwenye mambo ya uzazi na mengineyo wasiyoyaona wanaume wanatosha wanawake wanne bila ya mwanamme, kwa Hanafi hata mmoja katika uzazi. Kwenye mali Shafii anakubali shahidi mmoja mwanamme pamoja na kiapo cha mdai, na Maliki wanakubali wanawake wawili na kiapo. Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim wanasema aya inamfundisha mwenye haki namna ya kuilinda haki yake, haikuja kumfunga kadhi asihukumu kwa ushahidi mwengine ukimdhihirikia ukweli. Na bibi Aisha (RA) peke yake amepokea hadithi zaidi ya elfu mbili, tunaswali na kufunga kwazo, hakuna aliyesema tulete Aisha wa pili athibitishe.

Na kuandika je? Wengi wamesema amri ile ni ya kupendekeza, Tabari, mfasiri wa Qurani, akasema ni wajibu. Hata tukichukua hiyo nyepesi, ni sunna iliyokufa majumbani mwetu, na ilikufa upande wa wanawake zaidi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, kazaliwa 1844 katika jumba la mfalme, alifundishwa kusoma Qurani lakini wasichana kuandika walikuwa hawafundishwi. Akajifundisha kwa siri, anachukua mfupa wa bega la ngamia anaiga herufi za Msahafu. Binti wa Sultani huyo! Serikali imefungua skuli ya wasichana mwaka 1927. Basi bibi zetu wengi wamekuwa wakiisoma aya hii ya kuandika, kwa tajwidi nzuri, na kuandika hawajui. Ndio maana nikisikia "bibi zetu hawakuhesabu matofali" roho inaniuma. Nani aliwapa kalamu?

MsomajiFiqhi:
Naongeza moja. Wamorocco walipotengeneza sheria yao ya familia mwaka 2004 waliweka kwenye kifungu cha 49 kwamba mali za mume na mke kila mtu na yake, lakini wakati wa kufunga ndoa wanaweza kuandika makubaliano ya mali watakayoichuma, kwenye waraka wake mbali na cheti cha ndoa. Na yule anayefungisha anawajulisha hilo pale pale. Sioni kinachotuzuia sisi, masharti katika mikataba yamekuwepo tangu zamani.

KijanaWaNgambo:
Nimesoma yote. Hilo la kuandika sina pingamizi nalo. Lakini mke akinitolea karatasi nitie saini kwa mifuko ya saruji nitaona haniamini

BiMwani:
Kaka ahsante kwa kusoma. Mbona ukimkopesha rafiki yako wa karibu na mkaandikiana hamuoni hivyo? Aya imesema kuandika ni uadilifu zaidi mbele ya Mungu na kunaondoa shaka. Mwenye nia safi hapungukiwi na kitu kwa saini yake, na mke akitangulia kufa, kwa karatasi hiyo watoto watajua kipi cha kugawa na kipi cha baba yao.

MamaKonde:
Bi Mwani mie nataka kujua inaandikwaje hasa. Nimeolewa tena na mume huyu alhamdulillah mwema, tunajenga. Simjui mwanasheria na pesa ya mwanasheria sina

BiMwani:
Hapo sasa. Si lazima mwanasheria. Chukua daftari la skuli la mtoto, jipya, lisiwe la hesabu za duka. Kila ukitoa pesa andika tarehe, kiasi, imenunua nini na kwa nani, na kama kuna risiti ibandike hapo hapo. Kisha sentensi moja inayosema pesa hii ni nini: mkopo kwa mume wangu, au fungu langu katika nyumba hii, au nimempa bure. Usiiache wazi, maana pale ndipo shangazi yangu alipoangukia. Na ukitaka kumpa bure mpe, ni haki yako vile vile, andika tu kuwa umempa.

Mume atie saini au dole gumba. Mashahidi wawili wanaume, au mmoja na wanawake wawili, ili asije mtu akakuvuruga kwa aya. Kama kiwanja ni cha ukoo wake, huo ukoo nao waandike kuwa wanajua unajenga juu yake na kwamba jengo lina fungu lako, hili gumu kuliko yote na ndilo lenye faida kuliko yote, lifanyeni kabla ya msingi. Piga picha kila ukurasa umtumie dada yako au mwanao aliye mbali, daftari likiungua au likipotea ipo nyengine. Mkifika hatua kubwa, kwenye linta au kupaua, pelekeni kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, aone na agonge muhuri, kwa sababu likitokea la kutokea safari ya kwa kadhi huku kwetu inaanzia kwa sheha na barua yake.

Kama wewe kuandika kunakupa tabu mwambie yule binti yako wa skuli akuandikie, na umsomee kwanza ile 282 kuanzia mwanzo, ajue kwa nini anaandika.

MamaKonde:
Yupo darasa la saba. Leo leo inshallah

MzeeWaWete:
Na la mikarafuu nalo liandikwe hivyo hivyo. Mimi nina dada wawili wahai, Jumamosi nitawaita shambani tuhesabu miti na watoto wao wakiwepo.